Ramani inajua tunapolala

Hotuba ya mpima ramani kwa wawakilishi wa vijiji vya mwambao wa Mkoa wa Tanga, mjini Pangani

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa vijiji, viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, wazee wangu wa Pangani na wa ng'ambo Bweni, mama zangu wa mwani mliotoka Mkinga kabla jua halijachomoza, na vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe. Mwenyekiti ameninong'oneza kwamba pilau itaiva saa saba. Nimeelewa.

Nianze na hapa hapa tulipo. Wengi wenu mmesikia kwamba katika ghuba hii ya Pangani watafiti walichimba, wakiwemo wataalamu wa mambo ya kale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walikuta tabaka la mchanga wa baharini limelala katikati ya udongo wa kijiji cha zamani. Ndani ya ule mchanga mlikuwa na vigae vya vyungu, shanga, mifupa ya samaki, na mifupa ya binadamu. Watu wale hawakuzikwa kama maiti inavyozikwa. Mifupa yao ilikuwa imetawanyika, na haikuonyesha alama za vita wala ugonjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na hitimisho lao ni kwamba kijiji kile kilipigwa na tsunami yapata miaka 1,000 iliyopita, na kwamba chanzo chake, kwa hesabu zao, kilikuwa upande wa Sumatra, Indonesia.

Mzee mmoja wa hapa aliponisikia nikisimulia habari hii mwaka juzi aliniambia, "Mwanangu, miaka elfu? Basi zamu yetu imepita." Nilicheka naye, lakini jambo lenyewe haliendi hivyo. Ile miaka elfu ni umri wa ushahidi tulioupata. Bahari haikutuandikia ratiba.

Maana mwaka 2004 ilirudi. Jumapili, tarehe 26 Desemba, saa kumi kasoro dakika mbili za alfajiri kwa saa zetu, chini ya bahari karibu na Sumatra bamba moja la dunia liliteleza chini ya jingine. Ukubwa wa tetemeko ulikuwa 9.1. Huku kwetu hakuna aliyeshtuka usingizini. Waliokufa katika nchi zote zilizopigwa walikuwa karibu 230,000. Somalia, zaidi kule Hafun kwenye rasi ya mchanga, walikufa karibu watu 300. Tanzania, kama 10. Kenya, mtu 1.

Nataka mwone kwa nini kwetu ilikuwa 10, kwa sababu katika hiyo 10 ndimo ramani zetu zinapokosea. Mawimbi yalifika pwani yetu mchana, baada ya safari ya kama saa tisa. Mwezi siku ile ulikuwa mpevu, yaani maji ya bamvua, yale yanayojaa na kukupwa kupita siku nyingine. Wavuvi mnanielewa kabla sijamaliza: siku ya bamvua huku maji yanakupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Kwa hiyo wimbi lilipoingia, maji yalikuwa yameanza kupanda lakini bado yako chini. Mawimbi yakajimwaga kwenye ufuko uliokuwa na nafasi ya kuyapokea. Lingechelewa saa tatu tu, lingepanda juu ya maji ya bamvua yaliyojaa, yale ambayo hata bila tsunami yanalamba ngazi za watu. Na waliokufa Dar es Salaam, wengi walikuwa watoto na vijana waliokwenda kuogelea, kwa kuwa ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi. Siku ya kazi, ule ufuko ungekuwa mtupu.

Saa ya maji, na siku ya juma. Shikeni hayo mawili, nitayarudia.

Sasa niwaambie tunavyoitengeneza hii ramani iliyotundikwa ukutani. Haina uchawi. Kwanza tunahitaji umbo la sakafu ya bahari, kwa sababu wimbi la tsunami linaendeshwa na kina. Penye kina cha mita 4,000 linakwenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege ya abiria, na mtu aliye kwenye meli hata halihisi. Likifika penye mita 10 limepungua hadi kama kilomita 36 kwa saa, mwendo wa bodaboda mtaani. Linapopunguza mwendo mbele, maji ya nyuma bado yanasukuma, ndipo linapoinuka. Hivyo mwamba ulipo, mlango ulipo kati ya mwamba na mwamba, na mto unapomwaga maji, vyote vinabadilisha wimbi. Watu wa Pangani, huu mto wetu ni mlango ulio wazi. Japani mwaka 2011 maji ya tsunami yaliufuata mto Kitakami kwenda bara karibu kilomita 50. Mwenye shamba kule juu mtoni anayesema "mimi bahari siioni" aiangalie ramani hii pamoja nasi.

Halafu tunahitaji umbo la nchi kavu, na hapa nikiri kosa langu. Ramani ya kwanza niliyochora ya kijiji kimoja cha mwambao huu, nilitumia vipimo vya bure vilivyopigwa na rada kutoka angani mwaka 2000. Kompyuta ikanionyesha kijiji kimekaa juu ya kilima kizuri, mita kumi na zaidi. Nikapaka rangi ya kijani: salama. Nilipokwenda kwa miguu, sikukuta kilima. Nilikuta shamba la minazi. Rada ilikuwa imepima makuti. Ardhi yenyewe chini ya ile minazi ilikuwa imeinuka labda kimo cha mtu na nusu juu ya mchanga wa ufukweni, na kuna bibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti anafua nazi, akaniuliza natafuta nini. Sikuwa na jibu la kumfaa. Nilikuwa nimemweka juu ya mnazi.

Dawa ya kosa lile ipo. Zanzibar wenzetu waliipiga picha Unguja na Pemba nzima kwa ndege ndogo zisizo na rubani, wakiwashirikisha vijana wa chuo chao cha SUZA. Dar es Salaam wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, katika mradi wa Ramani Huria, waliingia mitaa ya mabondeni wakachora nyumba na mitaro pamoja na wenyeji. Yale yalikuwa mafuriko ya mvua, lakini kazi ni ile ile. Sisi wa Tanga bado vipande vipande.

Kuna kosa la pili, dogo kwenye karatasi, kubwa kwenye maji. Mwinuko wa nchi kavu unapimwa kuanzia usawa wa wastani wa bahari. Lakini nani kati yenu amewahi kuiona bahari ya wastani? Huku kwetu, wakati wa bamvua kubwa, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa ni kama mita tatu na nusu. Maana yake maji yakijaa yanasimama karibu mita moja na robo tatu juu ya huo wastani. Mtaalamu akichora tsunami ya mita 2 juu ya wastani, mchoro wake unaweza kuwa haujazidi sana bamvua lililojaa la kila mwezi. Kwa hiyo mtu akikuleteeni ramani ya mafuriko ya bahari, kabla hamjamkaribisha chai muulizeni: hii umechora maji yakiwa wapi? Akigugumia, mrudisheni.

Ukishakuwa na kina cha maji juu ya ardhi, hesabu ya hasara inaanza. Unachukua kila nyumba, unaiangalia imejengwa kwa nini, unauliza maji ya kina kile yataifanya nini, unazidisha kwa thamani. Majedwali tunayotumia yalipatikana kwa machozi ya wengine. Banda Aceh, mji wa Sumatra, walipima nyumba moja moja baada ya 2004 na kuona kwamba maji yakizidi mita 2 hadi 3, nyumba nyingi za kule hazikusimama. Wajapani baada ya 2011 walikagua majengo zaidi ya laki mbili. Lakini hakuna jedwali hata moja kati ya hayo lililotokana na nyumba ya fito na udongo ya Kipumbwi, au nyumba ya mawe na chokaa ya Pangani mjini. Tunakisia, na inabidi tuandike kwenye ramani kwamba tumekisia. Wafadhili hawapendi neno hilo. Mimi nalipenda.

Na hata kama tungekuwa na jedwali la nyumba zetu, bado. Nilikaa na mvuvi mmoja chini ya mkungu, fomu mkononi. Fomu ilikuwa na safu ya paa, ukuta, sakafu, milango. Nyumba yake ya udongo na makuti nikaijaza haraka, thamani ikatoka ndogo. Akaniuliza, "Na hii?" Akaonyesha ngalawa: mwili wa mwembe, mirengu mipya, tanga lenye viraka, na chini yake nyavu. Ile ngalawa inawalisha yeye, kaka yake na shemeji yake, nyumba tatu. Fomu haikuwa na mahali pa kuiandika. Nyumba angeijenga upya kwa mwezi mmoja kwa fito za porini. Ngalawa angeitafuta miaka. Katika hesabu yetu ya hasara, kijiji kile kilionekana hakina cha kupoteza, kikawa cha mwisho kwenye orodha ya kusaidiwa.

Hafun ilikuwa vivyo hivyo. Mbali na waliokufa, boti na nyavu zilikwenda, visima vikaingia chumvi, na ilikuwa katikati ya msimu wa uvuvi. Kisima chenye chumvi kina bei gani? Mwulizeni mama anayetembea saa mbili kwenda kwenye kingine.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta. Watu wanahesabiwaje kwenye ramani hizi? Tunachukua sensa. Sensa ya mwaka 2022 ilimhesabu kila mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Ni utaratibu mzuri, na nchi haiwezi kufanya vinginevyo. Lakini sisi tunazichukua zile namba, tunazigawa kwa mapaa ya nyumba, halafu tunasema: wimbi likija, watu kadhaa wako hatarini. Ramani inajua tunapolala tu.

Wimbi la 2004 lilikuja mchana. Sasa niambieni, mama zangu wa Mkinga, siku ya bamvua saa nne asubuhi mko wapi?

(Sauti: "Majini!")

Majini. Mwezi wa sita nilikwenda nao. Nikahesabu hatua tangu mchanga mkavu mpaka kwenye shamba la mwani: dakika 25, nikiwa nimevaa viatu na sijabeba kitu. Kuna sehemu ya mchanga mgumu, halafu majani ya bahari, halafu mfereji wa maji ya magoti, halafu vigingi vyenyewe na kamba. Pembeni yangu mama mmoja alikuwa anafunga mbegu za mwani kwa taitai, vile vikamba vidogo, vidole vinakwenda bila yeye kuviangalia, huku ananisimulia habari za harusi ya binti yake. Nikamwuliza simu iko wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. Simu iko nyumbani, imefungwa kwenye kanga, ndani ya kabati. Nani anaingia na simu majini? Wakati wa kurudi, ana gunia la mwani mbichi kichwani, na mfereji ule wa magoti umefika kiunoni kwa sababu maji yanapanda.

Kwenye ramani yangu, mama huyu alikuwa nyumbani kwake, mita mia tatu kutoka pwani, kwenye rangi ya njano. Alikuwa katika hatari ndogo. Kumbe kwa saa tatu za kila siku ya bamvua yuko mahali ambapo ramani inaonyesha bahari tupu, hana simu, na ana zaidi ya nusu saa kufika mchanga mkavu ukiongeza gunia. Na walio hivyo ni wanawake kwa wingi.

Halafu dago. Mkurugenzi mmoja aliyesomea nje aliwahi kuniuliza dago ni nini. Nyie mnajua: wavuvi wanahama na vyombo vyao kufuata samaki, wanapiga kambi za makuti juu ya mchanga, miezi miwili, mitatu, kisha wanarudi kwao. Pemba wanakuja huku, wa huku wanakwenda kusini. Agosti, mwezi wa sensa, ni kusi, msimu wa pepo za kusini. Kaskazi ikivuma, kambi ile iliyokuwa na mbwa wawili ina vijana themanini, wanalala hatua kumi kutoka kwenye maji. Waulizeni Hafun kilichotokea msimu wa uvuvi ulipokutana na wimbi.

Mifumo ya kututahadharisha ipo, tusijidharau. Baada ya 2004 nchi za Bahari ya Hindi ziliunda mfumo wa pamoja chini ya UNESCO. Australia, India na Indonesia zinatoa taarifa ndani ya dakika chache baada ya tetemeko, na hapa nchini inapokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, saa 24. Mwaka 2012 Sumatra ilipotetemeka tena kwa ukubwa wa 8.6, tahadhari ilifika mpaka huku kwetu, na kwa bahati wimbi lenyewe halikuwa kubwa. Kutoka Sumatra tuna saa nyingi. Kilomita 6,000 za bahari tumeziweza. Kilichotushinda ni kilomita moja na nusu, kutoka ofisi ya kijiji mpaka kwenye vigingi vya mwani.

Na si kila tetemeko litakuwa mbali hivyo. Makran, mpakani mwa Pakistan na Iran, iko karibu nasi kuliko Sumatra, na mwaka 1945 ilitoa tsunami iliyoua watu wengi. Na usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, wengi wenu mlitoka nje mbio: tetemeko la ukubwa wa kama 6 lilitokea baharini upande wa kusini mashariki mwa Dar es Salaam. Halikuleta wimbi. Lakini lingekuwa kubwa zaidi, hapo hakuna cha kusubiri Indonesia wala ujumbe wa simu. Ardhi ikitikisika sana na kwa muda mrefu ukiwa pwani, au bahari ikikimbia ghafla kuliko kupwa kwa kawaida, unapanda juu. Kaa na pweza walioachwa mwambani waache, hata kama ni wakubwa. Najua hilo ni gumu kwa watu wa Pangani.

Nina jambo moja la Japani, kisha nimalize. Mji wa Kamaishi ulikuwa na ramani nzuri kuliko hii, yenye mstari: huku maji yanafika, huku hayafiki. Shule mbili za mtaa wa Unosumai zilikuwa upande wa salama. Tarehe 11 Machi 2011 watoto wa shule zile hawakuukubali mstari. Walikuwa wamefundishwa wasiiamini ramani kupita kiasi, wakakimbia hadi mahali palipopangwa, walipoona hapatoshi wakapanda tena, wakubwa wamewashika wadogo mikono. Maji yalizifunika shule. Katika mtaa huo huo, watu zaidi ya 100 walikufa ndani ya jengo la kituo cha maafa. Jengo lile lilikuwa limetumika kwenye mazoezi ya kujiokoa, wakalizoea, wakalikimbilia.

Ndiyo maana nimekataa kuchora mstari kwenye ramani ya Pangani, ingawa ofisi moja ilinilaumu kwamba kazi haijakamilika. Mtaona nimeacha rangi zinafifia kuelekea juu. Ukuta wetu wa kuzuia bahari nimeuchora, lakini ulijengwa kwa ajili ya mmomonyoko na mawimbi ya kila siku, kwa hiyo msiniulize kama utazuia tsunami. Kule ng'ambo, kilima cha Bweni kinafaa sana kukimbilia, ila kwa aliye Bweni. Aliye Pangani mjini asitegemee pantoni. Njia zake ni za kwenda bara, na nyingine mvua ya masika inazikata. Hizo nazijua kwa karatasi. Nyie mnazijua kwa miguu.

Kwa hiyo mezani kuna nakala sita za ramani, moja kwa kila kundi la vijiji, na kalamu. Naomba kabla ya pilau kila kundi liniwekee mambo manne. Mashamba ya mwani yalipo, na dakika za kurudi ukiwa na gunia, dakika za mama mwenye umri wa miaka hamsini, si za kijana. Madago, na miezi yake, kaskazi na kusi kando kando. Vyombo vinapolazwa, ngalawa, mashua na boti, kwa idadi, pamoja na nyumba ngapi kila kimoja kinazilisha. Na mwisho, sauti. Kutoka majini mnasikia nini? Adhana ya msikiti upi, kengele ya shule ipi, pembe, ngoma, na upepo ukiwa wa upande gani hamsikii kitu. Wazee, nyie mkae na kundi la vijana wa kompyuta muwafundishe kuhesabu bamvua kwa mwezi, maana programu yao inajua Januari na Februari tu.

Kalamu nyekundu nimeziondoa makusudi, kila mtu angetaka kupaka kwa jirani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nashukuru. Ni saa sita na dakika kumi.